Wimbo Hutafuta Mwenyewe

Miji ya pwani haikosi mwimbaji wa taarab asiyekosea na asiyetuzwa. Sauti anayo, pumzi anazo, anajua fidla zinaingia wapi na kanuni inampisha wapi. Watu humsikiliza kwa adabu, hutikisa vichwa, huambiana kwamba huyu bwana fani anaijua. Kisha hupanda bibi mmoja mwenye sauti iliyokwaruzika, akachelewa hata kuingia katika ubeti wa kwanza, na kabla hajaufika wa pili viti vimeshaanza kusogezwa, noti zinapepea juu ya vichwa, watu wamejipanga kumfuata jukwaani. Yule wa kwanza amekaa nyuma ya wapiga fidla, anajiuliza kakosea wapi.

Hajakosea popote, na hapo ndipo penye mafunzo. Taarab ni miongoni mwa sanaa chache ambazo hukumu yake hutolewa hadharani. Anayesoma riwaya akaguswa hulia peke yake chumbani. Anayetazama picha husimama kidogo, akaenda zake. Katika taarab aliyeguswa huinuka mbele ya jirani, wakwe na mahasimu, akatembea mpaka alipo mwimbaji, akatoa fedha. Hakuna wa kumlazimisha, na wengi wanaotoa si matajiri. Basi lile suala la zamani, kwa nini kazi iliyokamilika kila upande isimtikise mtu na nyingine yenye kasoro zake imtoe machozi, hapa hujibiwa usiku hadi usiku, tena jibu huonekana kwa macho. Anayetaka kulisoma atafute kiti karibu na ukuta, atulie.

Ufundi nauheshimu, na ni vizuri kuanza nao. Mtazame mpiga kanuni kabla ya onyesho. Ala yake ni sanduku bapa lenye nyuzi zaidi ya 70, zimepangwa tatu tatu, kila tatu sauti moja. Chini ya daraja la nyuzi pamewambwa ngozi, na ngozi hunywa unyevu wa bahari. Nyuzi zilizokazwa alasiri zikawa sawa, baada ya isha zimeshahama. Kwa hiyo huinama na ufunguo wake mdogo, akagusa uzi, akasikiliza, akakaza kidogo sana, akagusa wa pili, akarudi kwa wa kwanza. Watu wanaingia, wanasalimiana, wanagombea viti vya mbele, naye hana habari nao. Vidole vyake viwili vya shahada vimevaa pete zilizobana vipande vyembamba vya kudonolea nyuzi. Mkono wa kulia hutangulia, wa kushoto hufuata nyuma kidogo kwa sauti ile ile iliyo nzito zaidi. Na maqamu, ile mipangilio ya sauti ya muziki wa Kiarabu, yakitaka sauti iliyo kati ya sauti mbili, ile ambayo piano haina, kuna vibati vidogo vya chuma pembeni vya kuupandisha uzi; zamani kazi hiyo ilifanywa kwa ukucha wa gumba. Aliyewahi kumsikia Rajab Suleiman wa Unguja akiipiga kanuni peke yake hawezi kusema ufundi ni jambo dogo.

Ufundi huo una na ukoo wake. Sultani Barghash bin Said, aliyetawala Zanzibar kati ya 1870 na 1888, ndiye anayetajwa kwamba alimpeleka Mohamed Ibrahim Misri akajifunze kanuni, akarudi kuwafundisha wengine wa kupiga barazani kwa mfalme. Mwaka 1905 kikaanzishwa Nadi Ikhwan Safaa, chama ambacho kipo mpaka leo, na baadaye vikafuata vingine, Culture Musical Club kikiwa kimojawapo. Tangu 2002 kipo pia chuo cha muziki wa nchi za jahazi, kilichoanza katika jumba la zamani la forodha pale Mizingani, ambako vijana hufundishwa kusoma noti, udi, kanuni na fidla. Kwa hiyo hakuna anayeweza kudai taarab ni kelele za watu wasiojua wanachokifanya. Ina shule, ina walimu, ina mitihani, na ina wazee wakali ambao wakisikia maqamu ya hijazi yamepigwa vibaya hukunja uso kama waliotukanwa.

Lakini Tanga ilileta ushahidi wa upande wa pili. Black Star na Lucky Star, vikundi vilivyovuma katika miaka ya 1960 na 1970, viliweka gitaa za umeme na besi mahali pa kanuni na fidla. Aliyelelewa kwa bashraf, zile tungo za ala tupu, za Ikhwan Safaa angeuona muziki ule mwepesi, na kwa vipimo vyake asingekuwa amesema uongo. Juu ya gitaa zile akaimba Shakila binti Said, na nyimbo kama Macho Yanacheka zikaingia mabarazani na vyumbani pwani nzima, Kenya na Tanzania. Kwa hiyo nguvu haikuwa ndani ya kanuni. Kanuni iliisaidia, lakini nguvu yenyewe ilikuwa inakaa kwingine.

Ukiondoa ala moja moja, mwisho hubaki shairi na mtu anayeliimba. Tulitazame shairi kwa karibu. Mshororo wa kawaida una mizani 16, nane na nane, na kila kipande kina kina chake. Mwimbaji huimba kipande cha kwanza, akakirudia, kisha akanyamaza. Fidla hudaka hapo, zikazunguka, zikarudi. Wasiojua hudhani hayo ni mapumziko ya mwimbaji. Msikilizaji wa pwani, hata asiyejua kusoma, hapumziki katika muda ule. Masikio yake yanajua mizani minane imebaki. Yanajua kina kitakachofunga, maana kimeshatajwa katika mshororo uliotangulia. Hayajui maneno tu. Kwa hiyo mtu aliyekaa na jambo lake moyoni, mume aliyehama nyumba, mtoto asiyeandika barua, rafiki aliyetoa siri, huanza bila kukusudia kukijaza kile kipande kwa mambo yake. Mwimbaji anapofika na maneno yenyewe, msikilizaji ameshatunga ya kwake. Maneno hayo mawili yakikutana, au hata yakipishana kidogo, ndipo mwili husisimka.

Ndiyo maana sikuwahi kukubaliana na wanaosema vina na mizani ni pingu za hisia. Mabishano yale makubwa ya miaka ya 1970, washairi wa arudhi upande mmoja na wa mashairi huru upande mwingine, yalikuwa juu ya karatasi zaidi kuliko juu ya ukumbi. Ukumbini vina ndivyo vinavyomwezesha msikilizaji kutangulia mbele ya mwimbaji. Asiyejua neno litaishia wapi hawezi kulingojea, na asiyengojea hawezi kushtuka. Kosa ni kudhani kwamba mtunzi akishavilinganisha amemaliza kazi. Magazeti yetu yamechapisha maelfu ya mashairi yaliyolingana vina na mizani kama matofali, na hayana mtu ndani yake.

Kuna jambo moja dogo ambalo waimbaji wazuri hulifanya na wengine hawalifanyi. Silabi zetu karibu zote huishia kwa irabu, na mwimbaji anaweza kusimama juu ya irabu ya mwisho kadiri pumzi inavyomruhusu. Mwimbaji mwenye hamu ya kuonesha alichosomea huipamba irabu hiyo: huipandisha, huitetemesha, huizungusha katika maqamu mawili kabla ya kuitua. Mkubwa huishika wima, tena huiacha mapema kidogo kuliko ulivyotarajia, ukabaki wewe na ukimya. Yule bwana asiyekosea hapa ndipo anapowapoteza watu. Anakirimu kama mwenyeji anayerundika vyakula sahani ya mgeni mpaka mgeni akakosa pa kutia mkono. Kila nafasi ambayo msikilizaji angeingia na jambo lake imekwisha kujazwa na uhodari. Watu humsifu, kwa sababu uhodari ni wa kusifiwa. Lakini hakuna aliyehusika.

Uso nao ni hivyo hivyo. Katika taarab ya zamani ya Unguja mwimbaji husimama mahali pamoja, mikono imetulia, wakati mwingine karatasi ya maneno mkononi. Halii. Hapigi kifua. Anaweza kuimba habari za mtu aliyeachwa na kila aliyempenda huku uso wake hauoneshi zaidi ya mtu anayesubiri daladala. Wageni huliona hilo wakadhani ni baridi au woga wa jukwaa. Ni nidhamu. Mwimbaji akilia yeye, kilio kimeshapata mwenyewe, na sisi tuliobaki tunakuwa watazamaji wa msiba wa mtu. Akitulia, kilio hubaki wazi, kinatafuta nani wa kukichukua.

Sasa mtazame anayekwenda kutuza. Haendi mapema. Wimbo wenye beti tano anaweza kukaa beti tatu, anapepea ukaya wake, anazungumza na jirani, ungedhani hasikilizi. Ubeti wake ukifika hunyanyuka. Noti ameikunja kwa urefu baina ya vidole viwili, mkono umepanda juu ya kichwa ili aonekane. Haendi moja kwa moja. Huzunguka kwa madaha, hatua fupi fupi, mabega yanafuata mdundo, na njiani huwa na mahali anapogeukia. Pengine hugeukia dari, macho yamefumba, na hapo watu hujua ana lake na Mungu wake. Pengine hugeukia meza fulani, akasita kidogo, kidole kikanyooka bila kunyooka. Akifika humpa mwimbaji noti mkononi, na mwimbaji mwenye akili huurudia ubeti ule ule, kwa sababu aliyeutuza ameununua na ana haki ya kuusikia tena akiwa amesimama.

Linalonistaajabisha zaidi hutokea baada ya hapo. Kwenye ile meza iliyogeukiwa, mwanamke mwingine naye huinuka. Anatuza ubeti ule ule. Mmoja ameuchukua kumwambia mwenziwe kwamba wewe ni hasidi, na mwenziwe ameuchukua kujibu kwamba hasidi ni wewe. Maneno hayakubadilika hata silabi moja. Mtunzi aliyeyaandika yumkini hawajui wote wawili, na alipoyaandika huenda alikuwa na jambo tofauti kabisa, au hakuwa na jambo. Mwimbaji baina yao hapepesi jicho, anapokea huku na huku, anaurudia ubeti mara ya tatu. Wimbo mmoja umepata wenyewe wawili, na kila mmoja ana hakika umetungwa kwa ajili yake. Mimi sijaona maelezo bora zaidi ya jinsi sanaa inavyomshika mtu. Kazi inayogusa ni ile iliyobakisha nafasi kwa usahihi, mahali panapostahili, kwa ukubwa unaostahili. Ikibakisha kidogo mno, ni mali ya msanii peke yake. Ikibakisha yote, ni maneno matupu.

Siti binti Saad alilijua hilo kuliko wote waliomfuata. Alizaliwa Fumba, kusini ya mji wa Unguja, karibu na mwaka 1880, katika familia ya watu wa chini, akafinyanga vyungu na kuvitembeza akiviuza. Sauti yake ya kuitia bidhaa, husimuliwa, ndiyo iliyoanza kumtangaza. Aliingia mjini akakaa Ng'ambo, mahali pa wafanyakazi, waliokuwa watumwa na watoto wao, akafundishwa kuimba kwa ala, na akina Subeti Ambar, Maalim Shaaban, Buda na Mbaruku wakawa wenzake. Mwaka 1928 walikwenda Bombay kurekodi sahani za santuri kwa kampuni ya HMV, na inatajwa kwamba yeye ndiye mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kufanya hivyo. Shaaban Robert aliandika wasifu wake. Watu walimcheka sura na asili, akawajibu kwa nyimbo.

Sahani ya santuri ya wakati ule ilichukua dakika zipatazo 3 kila upande. Fikiria maana yake kwa wimbo ambao barazani ungeweza kwenda nusu saa, watu wakituza na beti zikirudiwa. Katika chumba cha kurekodia Bombay hakuna wa kuinuka. Hakuna meza ya kugeukia. Siti aliimba mbele ya mashine na wenzake wachache, mbali na Ng'ambo, na bado ukizisikiliza rekodi zile kupitia mikwaruzo ya miaka karibu 100 unasikia anaimba kumwelekea mtu. Kuna sauti zinazoimbwa kwa jumla na kuna sauti zenye anwani. Yake ina anwani.

Chukua Muhogo wa Jang'ombe, wimbo unaohesabiwa kuwa wake. Kwa juu ni habari za muhogo wa mtaa mmoja wa Ng'ambo. Hakuna mtu mzima Unguja aliyedhani ni muhogo. Lakini ni nini hasa? Ukiwauliza wazee watatu utapata majibu matatu na tabasamu moja. Fumbo lile halikufungwa ili lifumbuliwe likaisha, kama kitendawili cha watoto. Limeachwa na upana wa kutosha watu wengi wapite, kila mmoja na muhogo wake.

Msomaji makini atanizuia hapa na kuniuliza: na Kijiti je? Ni swali la haki. Wimbo huo wa Siti, Kijiti, hauna fumbo. Umetaja jina la muuaji kweupe, umesimulia mauaji yaliyotokea kweli ya mwanamke mgeni aliyekuja Unguja kutoka Dar es Salaam. Muuaji akakimbia, na wanawake walioshuhudia wakajikuta wao ndio wenye kesi mbele ya mahakama ya kikoloni. Kama nafasi ya msikilizaji hutengenezwa kwa mafumbo, wimbo huu ungepaswa kufa pamoja na kesi yake. Haukufa. Nadhani ni kwa sababu nafasi imeachwa mahali pengine. Mambo yote yametajwa, lakini haki haikupatikana, na wimbo hauwezi kuitoa. Unawaita watu watazame, kisha unawaachia. Kila kizazi kinachousikiliza kinakuta shauri halijahukumiwa, na hakuna Mswahili asiye na shauri lake la namna hiyo, mnyonge aliyeumizwa na mkosaji akapotea. Fumbo ni njia moja ya kubakisha nafasi. Ukweli usiomalizika ni njia nyingine, na pengine ni ngumu zaidi.

Aliyeimba Kijiti na Muhogo wa Jang'ombe mpaka masikio ya siku hizi yakazijua ni Fatuma binti Baraka, Bi Kidude, aliyefariki tarehe 17 Aprili 2013 akiwa na umri ambao hakuna aliyeweza kuuthibitisha, ila wengi waliamini umepita miaka 100. Hakupitia darasa la muziki. Alijifunza kwa kusikiliza. Sauti yake katika rekodi za uzeeni ni pana, nzito, ina mchanga ndani yake na moshi wa sigara alizokuwa hafichi kuzivuta. Hupanda pale ambapo mwalimu angemzuia, na mara kwa mara hutua nyuma kidogo ya mdundo, wapiga ala wakamngoja. Wapo waliosema alipendwa kwa sababu ya umri, kwamba dunia ilipenda kuona ajuza asiye na viatu akipiga ngoma. Mwaka 2005 alipewa tuzo ya WOMEX, maonesho ya muziki wa dunia, akaimba Ulaya na Japani mbele ya watu ambao hawakujua muhogo ni nini wala Jang'ombe iko wapi.

Hilo la wageni linanipa taabu kwa haki, kwa sababu linapinga nilichokwisha kusema. Kama mtu huguswa kwa kuingia katika maneno na mambo yake, wale wasioelewa maneno waliingilia wapi? Sehemu moja ya jibu ni kwamba waliguswa na jambo jingine, uchakavu wa sauti wenyewe, na si lile lililomgusa bibi wa mtaa wa Kikwajuni, Unguja. Sifichi kwamba baadhi ya makofi ya ughaibuni yalikuwa ya utalii. Lakini lipo na jibu jingine, na ili kulipata inabidi kukumbuka kazi ya Bi Kidude nje ya jukwaa. Alikuwa somo. Kwa miaka mingi aliwachezesha wari unyago, na nyimbo za unyago haziimbwi ili zipendwe. Zinaimbwa ili mwari aliye mbele yako aelewe jambo litakalomfaa kesho: mwili wake, mume, uzazi, uvumilivu na mipaka ya uvumilivu. Ngoma ya msondo ameifunga kiunoni, na macho yako kwa mwari anayefundishwa. Mwimbaji aliyezoea kuimba hivyo akipandishwa jukwaani, popote duniani, huimba bado kwa mtu anayehitaji kusikia. Hatafuti kibali chako. Anakufundisha. Asiyejua Kiswahili hawezi kulijua somo, lakini kila mtu aliyewahi kulelewa anaitambua sauti inayosema naye kwa manufaa yake.

Kwa hiyo nakataa kusema kwamba hakuwa na ufundi. Alikuwa na ufundi wa kazi nyingine. Kuchelewa kwake nyuma ya mdundo ni kule kuchelewa kwa mtu mzima anayehakikisha neno la kwanza limekuingia kabla ya kutoa la pili. Aliyeliona jambo hilo kuwa kosa la muda alikuwa akishika saa.

Nigusie taarab ya siku hizi, kwa sababu nisipoigusa nitaambiwa nimeikimbia. Miaka ya 1990 ilileta mipasho na rusha roho: Khadija Kopa na kikundi cha TOT upande mmoja, Nasma Khamis na kikundi cha Muungano upande mwingine, Dar es Salaam nzima ikichagua kambi. Kisha East African Melody, kisha Jahazi. Vinanda vya umeme, watu wakacheza badala ya kukaa. Wazee walilalamika kwamba fumbo limevuliwa nguo, na kwa kiasi walisema kweli. Wimbo uliotungwa kumpiga mtu mmoja anayejulikana, kwa kosa linalojulikana, huwaka siku zile za ugomvi. Wahusika wakipatana, au wakizeeka, unabaki kelele. Lakini Khadija Kopa mwenyewe, aliyepitia Culture Musical Club kabla ya kuvuka maji, hakuwa mtu wa kelele tu. Msikilize anavyolishikilia neno la dharau katikati, akalitua kwa upole kama anayekupa pole. Kila mwanamke aliyewahi kudharauliwa akapata la kujibia, awe anamjua Nasma au hamjui. Ndiyo maana nyimbo zake kadhaa bado zinapigwa kwenye kitchen party za mabinti ambao hawakuwa wamezaliwa wakati wa ugomvi ule, na nyingi za walioiga mtindo wake hazikumbukwi hata na waliozitunga.

Siti Muharam, kitukuu cha Siti binti Saad, alitoa albamu mwaka 2020 akiziimba upya nyimbo za bibi yake. Ala zimebadilika, zipo sauti za mashine ambazo Ng'ambo ya 1928 isingezitambua. Sina hakika kama kila jaribio lake limefaulu. Mahali pengine ala zinasema mno. Pale anapoziacha ala nyuma na kuishika irabu wima, ukoo unasikika.

Ukipata mwaliko wa taarab, nenda na noti ndogo mfukoni, na simu iache humo humo. Usimtuze mwimbaji kwa sababu anajua. Wanaojua ni wengi na shukrani zao ni makofi. Kaa usubiri. Usiku mwingine hutatuza, na si lazima. Ubeti wako ukifika utaujua, na ukiujua usione haya kuinuka, hata kama ukumbi mzima utataka kujua unamgeukia nani.